Mwalimu Aliyepima Msonobari

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa na chupa kumi na moja za rangi ya kucha, na kucha zake mwenyewe hazikupata kupakwa hata siku moja. Chupa hizo zilikaa kwenye droo ya meza yake maabara, ndani ya kisanduku cha viatu, zote za aina moja: ile ya kung'aa tu, isiyo na rangi. Alizinunua Darajani kwenye duka la vipodozi ambako sisi wasichana wa skuli hatukuruhusiwa kuonekana na sare, na muuzaji alikuwa akimwita bibi harusi.

Kazi yake ilikuwa hii. Anachukua jani, analipaka tone moja, anangoja likauke, kisha anabandua ule utando mwembamba kwa kibanio cha nyusi na kuuweka chini ya hadubini. Kwenye utando hubaki alama ya jani zima: kuta zake, mishipa yake, na vile vitundu vidogo ambavyo jani huvutia hewa na kutolea maji. "Hapa ndipo dunia inapoingia," alikuwa akisema, akituinamisha mmoja mmoja kwenye kioo. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Hilo lilikuwa moja katika machache, na nadhani hakujua kuwa ni zuri.

Mwaka niliokuwa kidato cha pili, Ustadh wetu wa dini alimkuta msichana mmoja na kucha zinazong'aa, na msichana akajitetea kwamba ni za Mwalimu, za kazi ya skuli. Ustadh akaenda maabara kulalamika kwamba rangi ile inazuia maji ya udhu. Mwalimu hakubishana naye. Alipaka jani la mkungu, akalikausha, akadondosha maji juu yake, akamwita Ustadh aangalie. Maji yalikaa juu ya rangi kama shanga. Akamwambia kwamba amesema kweli, maji hayapiti, na kuanzia siku ile msichana atakayeonekana nayo kuchani ataadhibiwa na yeye mwenyewe. Tangu hapo Ustadh akawa anamletea majani ya ajabu kutoka shamba lake, amefunga kwenye gazeti.

Neno asilolipenda lilikuwa "labda". Ukijibu swali kwa labda, unabaki umesimama mpaka upate ushahidi au useme sijui. Na "sijui" ilikuwa na nusu ya alama katika majaribio yake. Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika sijui kwa maswali yote akapata hamsini kwa mia, na Mwalimu akampa bila ya kununa, akamwandikia pembeni kwamba angalau hakusema uongo. Lakini alikuwa mkali. Alinirushia chaki kwa kuandika kwamba mmea "unapenda" jua. Mmea haupendi kitu, alisema, na mimi nisiusingizie. Nililia siku ile, na bado nikilikumbuka naona nilionewa.

Ua wa skuli yetu, pale Mji Mkongwe, ulikuwa na msonobari mmoja baina ya maabara na ukuta wa barabarani. Hapakuwa na aliyejua nani aliupanda. Ulipita paa la ghorofa ya pili, na majani yake yalikuwa membamba na marefu, yameshikana matatu matatu, mfano wa sindano za kushonea magunia. Sisi tukiuita mvinje wa kizungu, kwa kuwa mivinje ndiyo tuliyoizoea pwani. Siku ya kwanza ya kidato cha tatu aliingia darasani na vijiti viwili, kimoja cha mvinje na kimoja cha msonobari, akauliza ukoo upi ni wa zamani. Tukagawanyika. Akatuacha tubishane, kisha akatupasulia mvinje kwa wembe na kutuonesha kwamba yale tunayoyaita majani ni vijiti vya kijani tu, na majani yenyewe ni meno madogo kwenye maungio, hayaonekani bila ya kioo. Mvinje unatoa maua, akasema, madogo lakini ni maua. Msonobari haujui ua ni nini.

"Ukoo huu ulikuwepo kabla ya ua la kwanza kuchanua," akasema. "Kabla ya mwembe, kabla ya mkarafuu, kabla ya nyuki kuwa na kazi."

Kulithibitisha somo hilo, alitupeleka Mangapwani kwa gari ya kukodi. Wote tulidhani tunakwenda kuangalia pango. Pangoni tulikaa dakika kumi. Saa mbili zilizobaki tuliwekwa chini ya mivinje ya pwani tukihesabu meno.

Usanisinuru alitufundisha kwa lugha ya jikoni. Jani ni jiko, alisema. Moto wake ni jua, unga wake ni hewa, maji yake yanapanda kutoka chini, na sukari ndiyo chakula kinachopikwa. Lakini jiko hili lina ila moja. Mlango ukifunguliwa ili hewa iingie, maji yanatoroka kwa mlango huohuo. Kila mti duniani unaishi na shida hiyo, na kila ukoo una namna yake ya kuipunguza. Koo za maua zimejenga mabomba mapana ya kupandishia maji na majani mapana, zikapika kwa haraka, na zikichoka zikayatupa majani. Msonobari umebaki na desturi za wazee wake. Vitundu vyake vimezama ndani ya jani, vimezibwa nusu kwa nta. Mabomba yake ni membamba, hayapitishi maji mengi, lakini hayakatiki ovyo wakati wa ukame. Jani lake linakaa miaka miwili, mitatu, likipika kidogo kidogo. Na hewa ikianza kukauka, unafunga mapema kuliko jirani zake wote.

Mimi ndiye niliyeuliza itakuwaje ukifunga kila siku. Nakumbuka kwa sababu ndiyo mara pekee aliyonisifu kwa swali.

"Utakula akiba," akasema.

Nikamwuliza akiba ikisha.

"Nje hutaona kitu. Majani haya hayana haraka ya kunyauka. Utauona mti kijani, na huko chini mizizi ishaanza kuoza kwa njaa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu.

Kulikuwa na tawi lililofika kwenye baraza ya juu ya maabara, na hapo ndipo alipofanya kipimo chake. Alikuwa na karatasi maalumu za buluu zinazogeuka rangi ya waridi zikipata unyevu. Kila Jumamosi na kila Jumatano, tangu jua kuchomoza, alibana kipande cha karatasi kwenye majani kwa kioo na kibanio, akangoja. Karatasi ikigeuka, milango iko wazi, jiko linafanya kazi. Ikibaki buluu, milango imefungwa. Alirudia kila nusu saa mpaka karatasi igome, akaandika saa. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla yetu na miaka mingi baada yetu, bila ya kulipwa wala kuombwa na mtu. Nilipokuwa mwanafunzi wake, katika miezi ya joto karatasi ilikuwa inagoma karibu na saa tano. Alituonesha madaftari ya zamani. Mwanzo ilikuwa baada ya adhuhuri. Hakutuambia maana yake ni nini. Alisema ana mti mmoja tu, na mti mmoja hauthibitishi kitu.

Mtu huyo aliyejua siri zote za jani hakuweza kuotesha hata mrehani. Kwake Kikwajuni, kwenye chumba na ukumbi alimoishi peke yake, kibarazani palikuwa na kopo saba za udongo mkavu. Jirani zake walimpa miche, ikafa, wakampa mingine. Alikuwa akiimwagilia kwa kipimo, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na yote ikafa kwa ratiba.

Na alikuwa na upole aliouficha kama watu wengine wanavyoficha maradhi. Mwenzetu aliyeacha skuli kuolewa, Mwalimu alimsema vibaya mbele ya darasa zima, akamwita mtu aliyetupa kichwa chake jaani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kila Ijumaa kwa miaka miwili alikwenda nyumbani kwa msichana yule kumsomesha, mpaka akafanya mtihani na mtoto mgongoni. Msiba wa mzazi wa mwanafunzi yeyote alihudhuria. Alikaa nyuma kabisa, akasoma alichoweza, na akaondoka kabla ya chakula, kwa hiyo wafiwa wengi hawakujua kuwa alifika.

Rafiki aliyekuwa naye, mmoja tu ninayemjua, alikuwa Bi Kazija, aliyekuwa akiuza mbatata za urojo, kachori na bajia chini ya msonobari ule. Bi Kazija alikuwa mnene, mcheshi, hajasoma, na hakumwogopa. Kila asubuhi kabla ya kengele walikunywa chai pamoja kwenye kibao cha Bi Kazija. Yeye ndiye mtu pekee niliyemsikia akimkatiza Mwalimu maneno. Alikuwa akimwambia, "Wewe na mti wako, mtakuja kuzikwa kaburi moja," na Mwalimu alikuwa akicheka. Anapocheka, bega la kushoto lilikuwa linapanda peke yake.

Nilirudi pale skuli baada ya chuo kuwa mwalimu wa kemia, mgeni, nimo katika muda wa kuangaliwa kabla ya kuthibitishwa. Alinikaribisha kwa kunipa funguo ya kabati la kemikali na kuniambia nisiipoteze. Hakuniambia kitu kingine mwezi mzima. Lakini nilikuwa namwona barazani juu, asubuhi, amesimama na karatasi zake, na mwavuli mweusi umemwegemea mguuni.

Mwaka wa pili tangu nianze kazi, skuli ilipata mfadhili wa kuupamba ua. Mchanga ukaondolewa, ukachimbwa mtaro wa mabomba ya vyoo vipya kupita karibu na shina la msonobari, na mizizi iliyokuwa njiani ikakatwa kwa shoka. Kisha vikalazwa vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka kwenye gome. Kisima cha skuli kilikuwa kishaanza kutoa maji ya chumvi tangu zamani. Ua ukapendeza, watu wakaupiga picha. Mwalimu aliwaomba waache duara ya udongo kuzunguka shina, wakamwachia ya upana wa sinia.

Kaskazi ya mwaka uliofuata, kwenye joto la mwanzo wa mwaka, aliandika barua kwa mwalimu mkuu. Niliiona. Ilikuwa kurasa nne, na saa zote zimo. Karatasi sasa ilikuwa inagoma saa mbili na nusu za asubuhi. Jiko lilikuwa linawaka muda mfupi tu baada ya jua kutoka, na mti mzima wa ghorofa mbili ulikuwa ukiishi kwa saa hizo. Sindano mpya zilikuwa fupi kuliko za miaka ya nyuma, na zile kongwe zilikuwa zimeanguka kabla ya wakati wake. Aliandika kwamba kwa maoni yake mizizi ya upande wa mtaro imeoza na mti utaanguka mvua zitakapolainisha udongo. Ukatwe, au ua ufungwe.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka kuwapokea wageni waliousifu mti ule. Alitoka nje akauangalia, nami nilikuwepo, na sote tuliuona kijani kutoka chini mpaka kileleni. Kamati ikaitwa. Mkandarasi aliyelaza vitofali akaja akaligonga shina kwa nyundo na kusema ni zima. Ikaandikwa taarifa fupi kwamba mti umekaguliwa na hauna dalili ya ugonjwa, na ikahitajika saini ya mwalimu wa sayansi asiyekuwa mlalamikaji. Tulikuwa wawili tu tunaofundisha sayansi katika skuli ile.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Aliniambia kwa upole kwamba taarifa yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake, wiki hiyohiyo. Hakusema zaidi. Nilisoma ile taarifa mara mbili. Nilikumbuka daftari langu na mstari mwekundu. Nikatia saini.

Mwalimu alipoona taarifa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, alisoma mpaka chini, mpaka kwenye jina langu, akaenda zake darasani. Kesho yake asubuhi tulikuta kamba imezungushwa pande zote za mti, imefungwa kwenye viti vya maabara, na yeye amesimama ndani ya kamba na mwavuli wake, anawazuia wanafunzi wasipite. Waliiondoa kamba. Akaifunga tena. Siku ya tatu aliandikiwa barua ya kwenda likizo mpaka tarehe yake ya kustaafu, iliyokuwa imebaki miezi michache. Alitoka getini amebeba madaftari kwenye kikapu cha ukindu. Hakuniangalia, na mimi nilijifanya nasahihisha.

Bi Kazija alikuwa amehamisha meza yake wiki ile ya barua ya kurasa nne, kabla ya taarifa kubandikwa, akaipeleka upande wa pili wa ua, juani. Mafuta yalikuwa yanamchemkia usoni. Alipoona taarifa imebandikwa aliniuliza mimi, kwa kuwa hakujua kusoma, imesema nini. Nikamsomea. Akaniuliza hilo jina la chini ni la nani.

"Langu," nikamwambia.

Akarudisha meza kivulini.

Msonobari ulianguka mwezi wa nne, asubuhi ya Jumanne, baada ya siku tatu za mvua. Mvua yenyewe ilikuwa imeshanyamaza na upepo haukuwepo. Nilikuwa nafundisha darasa la juu. Nilisikia vitofali vinapasuka kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, kama mtu anayevunja karanga, kisha dirishani pakawa peupe, kwa sababu kilichokuwa kimeziba mwanga kila siku hakipo. Wanafunzi walikuwa madarasani wote, alhamdulillahi. Bi Kazija alikuwa ameinama anawasha jiko.

Tulipofika, majani yaliyomfunika yalikuwa mabichi, yana umande. Mizizi iliyong'oka ilikuwa myeusi na laini, ukiishika inabaki mkononi.

Nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Nikaomba uhamisho, nikapelekwa Kizimkazi, na huko nilifundisha kemia miaka sita kwa watoto wa wavuvi na wakulima wa mwani. Mjini nilikuja kwa wazazi wangu tu, na nilizunguka njia ndefu ili nisipite Kikwajuni. Nilisikia kwamba taarifa ya kamati iliondolewa ubaoni siku ileile mti ulipoanguka. Nilisikia vilevile kwamba watu walimfuata Mwalimu kumwambia alikuwa na haki, walimu, wazazi, hata mwalimu mkuu mwenyewe akilia, na yeye aliwafungia mlango wote. Watu wakasema ana kiburi. Mimi niliamini hivyo pia, kwa kuwa ilinifaa kuamini.

Mwaka huu, mwezi wa Shaaban, mama alinambia kwamba Mwalimu wangu hana macho tena. Presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo bila ya yeye kwenda hospitali. Nikaona kwamba Ramadhani ikiingia kabla sijakwenda kwake sitafunga kwa moyo mmoja. Nikaenda.

Nilimkuta kibarazani, amekaa kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomweka akilini. Kopo saba zilikuwa hazipo.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Kemia," akasema. Alinijua kwa sauti.

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Kizimkazi, yakanipotea. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile saini. Hakunisaidia. Akauliza kama nilisoma kabla ya kutia.

"Nilisoma."

"Uliamini?"

"Hapana."

Jirani alipita na ndoo, akasalimia, akajibiwa. Kisha Mwalimu akaniambia nikae karibu, kwa kuwa hataki kulisema mara mbili. Akaniambia kwamba yeye alijua tangu vuli, miezi mitatu kabla ya barua. Karatasi ilikuwa inagoma mapema, sindano zilikuwa zinaanguka, na kila kitu alichoandika baadaye kwenye zile kurasa nne kilikuwa kishaonekana. Lakini ulikuwa msimu mmoja. Alitaka kaskazi iingie apate na msimu wa pili, asije akaandika labda.

"Kazija aliniuliza," akasema. "Tunakunywa chai. Akanambia, mwenzangu, nnakuona unauangalia mti huu kama mgonjwa, nihamishe meza yangu? Nikamwambia subiri kwanza, sina hakika."

Bega lake la kushoto lilikuwa likitetemeka, nami kwa muda nikadhani anacheka.

"Nilipokuja kumwambia hama, akanambia mbona juzi ulisema nikae. Akahama kwa kunionea haya tu. Kwa hiyo karatasi yenu ilipobandikwa alikuwa na maneno mawili, la kwangu la mwanzo na la kwenu, na yote yakisema kaa."

Nilimwomba anisamehe. Nilisema kwa sababu ndicho nilichokijia. Akanijibu kwamba deni lile si lake kulisamehe. Akataka kujua kama nimekwenda kwa Rukia. Rukia ni binti wa Bi Kazija, mtoto wake wa pekee, anakaa kwenye majumba ya Michenzani. Nikasema sijakwenda.

"Na mimi sijakwenda," akasema. "Miaka sita. Nipe mkono."

Si mbali kutoka pale mpaka Michenzani, lakini tulikwenda polepole, jua la saa nane limetupiga utosini, yeye kanishika kiwiko. Hakutaka tupumzike. Kwenye ngazi za lile jumba alisimama kila ghorofa, akavuta pumzi, akaendelea.

Rukia alifungua mlango mwenyewe, na unga mikononi. Alipomwona Mwalimu alishtuka, kisha akashika mkono wake akaubusu, nyuma na mbele, akatuingiza ndani kabla hatujasema kitu. Akasema kwamba miaka yote hii alikuwa akitaka kuja kushukuru, akasikia kwamba Mwalimu hapokei wageni. Akasema mama yake hakuwa na mtu mwingine aliyemtetea pale skuli. Alikuwa anakwenda kutuwekea chai.

"Usiweke chai, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Kaa kitako kwanza."

Akamwambia yote. Hakupunguza wala hakujipamba, alisema kwa sauti ileile ya darasani, la kwanza mpaka la mwisho, na siku aliyoulizwa na jibu alilolitoa. Alipomaliza alinigusa goti, nami nikasema langu, kuhusu saini, na kwamba mimi ndiye niliyemsomea Bi Kazija ile taarifa. Nilisema nikiangalia unga uliokauka kwenye vidole vya Rukia.

Rukia aliuliza jambo moja tu. Alitaka kujua mama yake, alipouliza kama ahame, aliuliza kwa mzaha au kwa hofu.

"Kwa hofu," Mwalimu akasema.

Rukia akainuka. Alikwenda mpaka mlangoni akaufungua, akasimama kando.

"Nimekushukuruni kwa kuja," akasema. "Msije tena."

Tukashuka. Chini nilitaka kumvuta Mwalimu tuvuke barabara, lakini alikuwa amesimama na uso ameuinua. Juu kwenye ghorofa ya tatu dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Rukia alikuwa ameanza kulia, kilio cha msiba mpya. Wapita njia walisimama wakaangalia juu, wakatuangalia sisi.

Nikamwambia twende.

"Mpaka anyamaze," akasema.

Akakaza vidole kwenye kiwiko changu. Tulisimama pale kwenye jua, na ilichukua muda mrefu.